Harufu ya karanga kwenye kiko: tumbaku ya manukato hupimwaje?

Mara nyingi huanza na zawadi. Kijana aliyekuwa mjini anarudi nyumbani, iwe ni Muganza, Bwanga au Buseresere, akiwa na kopo la tumbaku ya kiko lenye picha ya njugu. Babu analifungua, ananusa na kushangaa: tumbaku inanukia kama karanga zilizotoka kikaangoni sasa hivi. Anajaza kiko, anawasha, anavuta. Ile harufu haipo mdomoni. Ulimi unawaka kama amelamba pilipili. Babu anafunga kopo na kusema mjukuu wake ametapeliwa.

Huenda mjukuu hakutapeliwa. Harufu ya kopo, ladha ya moshi na harufu wanayoisikia waliokaa jirani ni vitu vitatu tofauti, na tumbaku hii imetengenezwa hivyo makusudi. Lakini pia kuna tumbaku mbovu inayofichwa nyuma ya manukato, na asiyejua kupima hulipia jani bovu bei ya jani zuri.

Upande wa pili yupo mkulima. Mkoani Geita tumbaku hulimwa zaidi wilaya ya Bukombe na jirani zake Mbogwe, kisha Ushetu na Kahama upande wa Shinyanga. Kwake yeye, pua na vidole vya mteuzi ndivyo vinavyoamua kama msimu umelipa au umemwacha na deni la mbolea. Makala hii inaeleza tumbaku hupimwa vipi tangu sokoni hadi kwenye kopo, na harufu hiyo tamu inaficha nini.

Kwa ufupi

- Harufu ya njugu hutoka sehemu mbili: kwenye jani lenyewe, hasa aina ya Burley, na kwenye manukato yanayoongezwa kiwandani.
- Kopo linalonukia njugu halimaanishi kwamba ndani yake kuna njugu.
- Sehemu kubwa ya upimaji hufanywa kwa macho, vidole na pua, bila kuwasha moto.
- Hakuna harufu inayopunguza madhara ya tumbaku. Kiko husababisha saratani kama sigara.

Maneno ya kujua kwanza

Kiko cha siku hizi ni kile kifupi cha mti au udongo. Zamani, hasa Pwani, neno hilo lilitumika kwa kiko cha maji: kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na juu yake kijiti kiitwacho digali kikibeba bori. Bori ndicho kikombe kinachojazwa tumbaku. Usukumani na Unyamwezini wazee wametumia bori la udongo na mrija mrefu wa mti, wakijaza tumbaku ya kienyeji iliyokaushwa kivulini, ikatwangwa na kufinyangwa bonge.

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ilitoka Amerika na kufika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza safari zao katika Bahari ya Hindi. Siku hizi jani hugawanywa kwa namna linavyokaushwa:

Tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa joto linalopita kwenye mabomba, bila moshi kugusa jani. Ndiyo inayolimwa kwa wingi Tabora, Kahama, Bukombe na Chunya. Jani lake ni la njano au rangi ya chungwa, na lina sukari ya asili.

Tumbaku ya hewa hukaushwa kwa kutundikwa kivulini kwa wiki nne hadi nane. Aina yake maarufu ni Burley. Nchini kwetu huzalishwa kiasi kidogo, lakini jirani zetu wa Malawi ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa Burley duniani.

Tumbaku ya moshi hukaushwa juu ya moto wa kuni, moshi ukiligusa jani. Hapa nchini inajulikana zaidi Ruvuma, hasa Songea na Namtumbo. Jani huwa jeusi, zito, na hunukia moshi wa jikoni.

Harufu ya karanga inatoka wapi?

Fikiria karanga mbichi. Ukiitafuna, ladha yake inakaribia ya maharage mabichi. Iweke kikaangoni, na baada ya dakika chache nyumba nzima inanukia. Karanga ni ileile. Kilichotokea ni kwamba joto limekutanisha sukari na chembechembe za protini, vikazaa viungo vipya vya harufu. Kundi moja la viungo hivyo huitwa pirazini. Ndizo zinazofanya kahawa iliyokaangwa, bisi, mkate uliookwa na karanga vikaribiane harufu.

Jambo hilohilo hutokea kwenye tumbaku. Burley ni jani lenye naitrojeni nyingi. Kwa kuwa hukaushwa polepole kivulini, jani huendelea kuishi kwa siku kadhaa baada ya kuchumwa na hula karibu sukari yake yote. Linabaki kavu, jepesi, lenye vinyweleo vingi kama sponji, na ladha yake hufananishwa na njugu au kakao isiyotiwa sukari. Aina ya Burley nyeupe iliyoenea duniani ilianzia jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1864.

Hapo kiwanda huingiza mkono. Kazi ya kwanza ni kulilowesha jani kwa mchuzi wa sukari, kakao, asali au urukususu. Burley hunyonya mchuzi huo vizuri kuliko jani jingine lolote. Kisha hupitishwa kwenye joto, na sukari iliyoongezwa hukutana na naitrojeni ya jani. Ndipo harufu ya kukaanga inapozaliwa. Hii ni harufu iliyoingia ndani ya jani, na hubaki hata moto ukiwashwa.

Kazi ya pili hufanywa mwishoni, jani likiwa limekatwa. Hunyunyiziwa manukato ya juu: vanila, ramu, lozi, jozi, au hezelnati, ile njugu ndogo ya mviringo inayolimwa sana Uturuki na kusagwa pamoja na kakao kutengeneza krimu ya kupaka kwenye mkate. Mara nyingi manukato hayo hutengenezwa maabara. Harufu ya lozi, kwa mfano, hutokana na kiungo kimoja tu kiitwacho benzaldehaidi, na kiungo hichohicho ndicho msingi wa harufu ya matunda ya cheri. Ndiyo maana baadhi ya watu hunusa kopo moja, huyu akasema lozi na yule akasema cheri, na wote wako sahihi.

Manukato ya juu ni mepesi. Hupaa haraka kopo likiwa wazi, na moto huyachoma kabla hayajafika ulimini. Babu wa Buseresere alisikia manukato ya juu puani. Mdomoni alikutana na jani lenyewe.

Urambo: karanga zilipoipisha tumbaku

Katika ukanda wetu, karanga na tumbaku zina historia moja. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, ili kupata mafuta ya kula baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Maeneo yaliyochaguliwa yalikuwa Kongwa, Nachingwea na Urambo. Matrekta yalikwama, mvua hazikuja kwa wakati, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea.

Urambo, mashamba yaliyokwisha kusafishwa hayakuachwa yarudi pori. Wakulima waliwekwa hapo kulima tumbaku ya mvuke, kwa sababu udongo wa kichanga ambao haukuwapa Waingereza karanga ulilifaa jani hilo. Kutoka hapo kilimo cha tumbaku kilipata nguvu Tabora na kuenea, hadi leo kimefika kwenye misitu ya Ushetu na Bukombe. Chato yenyewe imebaki zaidi na pamba, mahindi, mpunga, mihogo na uvuvi wa ziwa, lakini vijana wake wengi hufanya vibarua vya tumbaku wilaya za jirani.

Mteuzi anaangalia nini sokoni?

Mtu wa kwanza kuipima tumbaku kwa utaalamu ni mteuzi, yule anayesimama mbele ya mitumba siku ya soko la chama cha msingi. Yeye havuti. Anafungua mtumba, anachomoa shada moja kutoka ndani, analiangalia kwenye mwanga, analikunja, analinusa, kisha anatamka daraja. Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kumenya chungwa. Mambo anayopima ni haya:

*Nafasi ya jani kwenye mche.* Majani ya chini ni mepesi na membamba. Ya katikati ni mapana na laini. Ya juu ni mazito, yenye mafuta na nikotini zaidi. Ya kileleni ni madogo na makali. Ukiyachanganya kwenye mtumba mmoja, hata kama yote ni mazuri, umeharibu mtumba wote.

*Rangi.* Kwa tumbaku ya mvuke, rangi ya ndimu na ya chungwa iliyo sawa jani zima ndiyo inayotafutwa. Ukijani maana yake jani lilichumwa changa au bani lilipandishwa joto haraka mno. Madoa ya kahawia iliyopauka huonyesha unyevu ulikwama ndani ya bani.

*Ukomavu.* Jani lililokomaa vizuri lina vipunje vidogo juu yake, kama ngozi ya chungwa, na linatoa sauti laini likikunjwa. Jani changa ni nyororo kama karatasi ya daftari na halina harufu ya kueleweka.

*Mafuta na mnyumbuko.* Mteuzi hulivuta jani kwa vidole viwili. Jani zuri hunyumbuka kidogo na kuacha unato kwenye ngozi. Bovu hukatika.

*Unyevu.* Ukizidi, jani huvunda ndani ya mtumba kabla halijafika kiwanda cha kuchakata cha Morogoro. Ukipungua, jani huvunjika na kuwa vumbi. Kuna wakulima wanaonyunyizia maji usiku wa kuamkia soko ili uzito uongezeke. Vidole vya mteuzi hukitambua kitendo hicho upesi, na hasara yake ni kubwa kuliko kilo zilizoongezeka.

*Harufu na uchafu.* Harufu ya ukungu, ya dizeli au ya dawa ya wadudu inaweza kuurudisha mtumba nyumbani. Vivyo hivyo nyuzi za nailoni za mifuko ya salfeti, manyoya ya kuku, nywele na mchanga. Uzi wa plastiki ukiingia kwenye tumbaku huungua pamoja nayo, na mnunuzi wa mbali hurudisha lawama hadi kwenye chama kilichouza.

Alama ya daraja inayoandikwa kwenye lebo hubeba mambo matatu: herufi ya nafasi ya jani, namba ya ubora ambapo 1 ndiyo bora, na herufi ya rangi. Kila daraja lina bei yake kwa kilo, na kwa kawaida bei hizo hupangwa kwa dola ya Marekani. Kushuka madaraja mawili kwenye mitumba kumi kunaweza kuwa ndiyo ada ya mtoto ya mwaka mzima.

Kwa hiyo mkulima, uwepo siku mtumba wako unapofunguliwa. Ukiona daraja halilingani na ulichochambua, uliza papo hapo kabla ya mzani, mbele ya viongozi wa chama: ni rangi, ni unyevu au ni mchanganyiko? Swali la namna hiyo linajibika. Kulalamika baada ya gari kuondoka hakusaidii.

Jinsi wapimaji wanavyoipima tumbaku ya kiko

Tumbaku ya manukato iliyokwisha kuwa kwenye kopo hupimwa kwa mpangilio mwingine. Hatua nne za kwanza hazihitaji moto, na anayetaka tu kujua kama ameuziwa kitu kizuri anaweza kuishia hapo.

*1. Macho.* Mwaga kidogo kwenye sahani nyeupe. Vipande viwe vya upana unaolingana. Burley huonekana ya kahawia, jani la mvuke ni la njano au chungwa, na jani lililopikwa kwa mvuke na kugandamizwa, liitwalo Cavendish, ni jeusi. Vumbi jingi na vijiti vingi vya mshipa wa jani ni dalili ya malighafi hafifu.

*2. Vidole.* Finya kibonge, kisha kiachie. Kikifunguka polepole, unyevu uko sawa. Kikibaki kibonge, kimelowa mno. Kikisagika, kimekauka. Tumbaku ya manukato kwa kawaida huwa na unyevu zaidi kuliko ya kawaida, kwa sababu huwekewa kimiminika kinachozuia kukauka. Ikiacha vidole vinanata kama umeshika jamu, manukato yamezidi jani.

*3. Ukungu.* Angalia weupe wowote. Ukungu ni laini kama pamba, na hunuka kama ghala lililovuja. Vipunje vidogo vinavyometa kama sukari si lazima viwe ukungu. Ukisikia harufu ya ghala bovu, usijaribu kuianika juani kuiokoa. Itupe.

*4. Pua, mara mbili.* Nusa mara tu kopo linapofunguliwa, uandike au ukumbuke unachosikia. Kisha acha kiasi kidogo kwenye sahani kwa saa moja, unuse tena. Harufu iliyotoweka ilikuwa manukato ya juu. Iliyobaki ndiyo ya jani na mchuzi wake. Kipimo hiki ndicho kinachofichua udanganyifu kuliko vyote: tumbaku nzuri bado itanukia kitu, kama pipa la nafaka, kakao au karanga. Mbovu itabaki na harufu ya karatasi iliyolowa.

*5. Moto.* Wanaoendelea hadi hapa hutenganisha uvutaji katika theluthi tatu. Theluthi ya kwanza bado ina manukato. Ya katikati ndiyo hutoa hukumu, kwa kuwa manukato yamekwisha ungua na jani linajieleza lenyewe. Ya mwisho huonyesha kasoro: uchungu, maji yanayokoroma kwenye mrija, majivu yasiyoungua vizuri.

*6. Jirani.* Mwulize aliyekaa pembeni anasikia harufu gani. Mara nyingi atasema vanila au biskuti, wakati mvutaji anaonja moshi tu. Watengenezaji wanalijua hilo. Tumbaku nyingi za manukato zilitengenezwa zimridhishe aliye chumbani zaidi ya mwenye kiko.

Karanga ya aina gani?

Wapimaji hawaishii kusema "njugu". Hutofautisha, na mtu aliyekulia kwenye karanga ana faida hapa kuliko mzaliwa wa London.

Karanga mbichi: ladha ya kijani, ya majani na maharage. Kwenye tumbaku hii ni kasoro. Jani lilikaushwa kabla ya kukomaa.

Karanga iliyokaangwa vizuri: kavu, yenye utamu kwa mbali, inayobaki mdomoni. Hii ndiyo Burley nzuri.

Karanga iliyoungua: uchungu ulimini na ukavu kooni. Ama jani lilipitishwa kwenye joto kupita kiasi, ama mvutaji anavuta haraka mno.

Karanga iliyooza mafuta: ile harufu ya karanga zilizokaa dukani mwaka mzima. Tumbaku ikinuka hivyo imekaa vibaya, na hakuna manukato yatakayoiponya.

Lozi na hezelnati: tamu, laini, karibu na vanila. Ukizisikia hizi kwa nguvu, ujue unanusa maabara na si shamba.

Kwa nini ulimi uliwaka?

Sababu huwa mbili au tatu kwa pamoja. Tumbaku yenye unyevu mwingi hutoa mvuke wa moto, na mvuke huunguza kuliko hewa kavu ya joto lilelile. Mvutaji asiyepata ladha aliyoitarajia huvuta kwa nguvu zaidi akiitafuta, na joto linapanda. Tena moshi wa Burley una asili ya magadi, tofauti na moshi wa jani la mvuke ambao una uchachu kidogo. Moshi wenye asili ya magadi huupitisha nikotini kirahisi kwenye ngozi ya ndani ya mdomo.

Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko ulimi kuwaka. Wazee wengi husema, "Mimi sivuti moshi ndani, natoa tu mdomoni." Lakini nikotini inaingia mwilini kupitia mdomo huohuo, na uraibu unajengeka.

Harufu nzuri, sumu ileile

Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na kadhaa kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kwa wavutaji wa kiko, hatari iko kwenye midomo, ulimi, koo, zoloto na umio, na pia mapafu, pamoja na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta bali wanaokaa kwenye moshi wa wengine. Kile chumba kinachonukia biskuti ni chumba chenye moshi, na mtoto aliyelala humo anauvuta.

Manukato yana hatari yake ya ziada: yanamrahisishia anayeanza. Ndiyo maana Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha za matunda na peremende mwaka 2009, isipokuwa za mentholi. Marufuku hiyo haikugusa tumbaku ya kiko, na hivyo makopo yenye picha za njugu na cheri yameendelea kuuzwa. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2007, zilikubaliana mwongozo unaotaka viungo vya kuvutia ladha vizuiwe au vipunguzwe. Hapa nchini, sheria ya mwaka 2003 ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku inakataza kumwuzia mtoto chini ya miaka 18.

Shambani pia kuna hatari. Jani bichi lenye umande hupitisha nikotini kwenye ngozi ya mchumaji. Kichwa kinauma, anatapika, anaishiwa nguvu, na wengi hudhani ni malaria au jua kali. Subiri umande ukauke, vaa mikono mirefu na glavu, badili nguo zilizolowa, oga baada ya kazi. Watoto na wajawazito wasichume kabisa.

Maswali tunayoulizwa

*Je, ndani ya kopo kuna karanga?* Kwa kawaida hapana. Ni manukato tu.

*Naweza kuchanganya tumbaku ya kienyeji na asali au karanga iliyosagwa mwenyewe?* Hatukushauri. Mafuta ya karanga huoza, huota ukungu, na yakiungua hutoa moshi mkali zaidi.

*Kiko cha maji au shisha si kinachuja sumu?* Hapana. Maji hupoza moshi, lakini hayaondoi sumu wala nikotini. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016, na Kenya ikafuata mwaka 2017.

*Mtoto amekula tumbaku yenye harufu tamu, nifanye nini?* Mtoe kilichobaki mdomoni na umwahishe kituo cha afya mara moja, ukiwa na kopo mkononi. Usisubiri dalili. Na kuanzia sasa kopo likae mahali pa juu, lifungwe, kama unavyotunza dawa ya pamba.

*Babu amevuta miaka arobaini, kuacha kutamsaidia nini?* Kunasaidia katika umri wowote. Hatari ya ugonjwa wa moyo huanza kupungua mapema, na vidonda vya mdomoni hupata nafasi ya kupona. Kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona kwa wiki mbili lipelekwe kwa daktari, hata kama haliumi.

Tumrudie babu wa Buseresere. Kopo lake tunaweza kulipima sasa hivi, bila kiberiti. Amwage kidogo kwenye sahani, akae nayo saa moja, kisha aite mjukuu waje wanuse pamoja. Kama imebaki harufu ya karanga, jani lilikuwa zuri na mjukuu hakuibiwa. Kama imebaki harufu ya karatasi iliyolowa, wote wawili wamejua kilichouzwa. Kwa vyovyote vile kopo halimlazimu avute. Karanga zenyewe zipo sokoni, na hizo anaweza kula na wajukuu wake wote.